Reli ya Viberiti na Reli ya Mninga

Mie, mwenye cheti cha kidato cha nne, niliandika vipimo vya reli nzima kwenye karatasi za daftari bila kutaja kama ni inchi au sentimita. Huo ndio ujinga wangu, na nauweka hapa mwanzoni ili msomaji asihangaike kuutafuta. Niliandika "upana mbili na nusu", nikapiga mstari chini yake kwa rula kama tulivyofundishwa, nikakunja karatasi, nikaituma. Mstari ulinyooka vizuri sana. Naukumbuka kuliko ninavyoikumbuka sura yangu ya wakati ule.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Zaituni kule Chanika, alikohamia kwa mwanawe baada ya miguu kumkatalia. Kwenye tanga nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, magoti yakinilaumu, na Zaituni mwenyewe, ambaye siku hizi naye ana wajukuu, akanigeukia akasema, "Ma'mdogo Pina, wewe ndo umekaa na mama toka Temeke ya zamani. Sema chochote." Nikasema alikuwa mtu wa watu na vitumbua vyake havikuwa na mwenzake. Wanawake wakaitikia, mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kanga, nikaona nimemaliza. Niliporudi kwangu sikutoka mlangoni siku nne. Hilo halikumshangaza mtu, maana mie sitokagi. Kuna majirani wanaodhani nilishahama. Lakini safari hii haukuwa uvivu wangu wa kila siku. Nilikuwa nimekaa kitandani namfikiria Fundi Mnali, na kile ambacho Mama Zaituni alikijua juu yangu, akakaa nacho miaka yote bila kumwambia mtu.

Habari za ukoo wangu naziruka, hazina chumvi. Inatosha kusema kwamba mwaka ule reli mpya ya kwenda Zambia ilikuwa inakaribia kwisha, mie nilikuwa nimemaliza shule, nangoja kuitwa kazini, na nilikuwa nangojea chumbani kwa Shangazi Domitila, Temeke. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, dirisha lake linatazama uani, na kwangu lile dirisha lilikuwa redio. Nilijua nani kagombana na nani, nani kapata sukari dukani na nani kasimama foleni mpaka saa saba akarudi na kanga imelowa jasho na mfuko mtupu. Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Ugali wake ulikuwa na harufu ya gunia, na Shangazi alikuwa akiusonga huku akiulaani kwa Kilatini cha kanisani, kisha anatuambia tuushukuru. Tulikuwa tunakula na dagaa, siku nyingine mchicha, tumekaa ukumbini kwenye mkeka mmoja, sie wa nyumbani na wapangaji. Wapangaji walikuwa wananiita Profesa. Niliwaambia waache, kwa sauti ya mtu asiyetaka waache.

Fundi Mnali alikuwa mpangaji wa chumba cha uani. Alitoka Newala, mchongaji, mtu mfupi mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana nayo. Nyuma ya choo alikuwa na kibanda cha makuti cha kuchongea. Alikuwa anamuuzia mwenye duka mmoja wa mjini, na mwaka ule yule mwenye duka akaacha kununua. Mkewe, Asumini, alikuwa bado Newala na mtoto wao wa kike. Mnali alikuwa amechonga kitanda cha mninga, nne kwa sita, kichwani kimejaa maua, kikajaza chumba kizima hata mlango haufunguki vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa analala chini, kwenye mkeka, katika upenyo uliobaki. Wapangaji walimcheka sana kwa hilo. "Fundi, kitanda unakiogopa?" Anajibu, "Nakitunza. Mwenyewe yuko njiani."

Siku moja mchana nilikuwa nimejilaza, nikamsikia Mzee Kibwana, balozi wetu wa nyumba kumi, anaongea naye chini ya dirisha langu. Nyakati zile watu wasio na kazi walikuwa wanaandikwa majina, kisha lori linakuja kuwapeleka vijijini wakalime.

"Fundi, jina lako liko kwenye karatasi," Mzee Kibwana alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba shati lake limechanika mgongoni.

"Mie nina kazi, Mzee. Nachonga."

"Unachonga, nani anakulipa?"

Nilisikia patasi inawekwa chini.

"Unaona," Mzee Kibwana akasema. "Kazi ni ile yenye barua. Sasa sikiliza. Katibu wa tawi la chama anataka kitu cha sherehe za Saba Saba. Anataka reli ya mfano. Mbili. Ile ya zamani ya mkoloni na hii yetu mpya, ubavu kwa ubavu, wananchi waone yetu ilivyo pana. Ukimtengenezea, anakuandikia kwamba wewe ni fundi wa tawi. Hakuna atakayekugusa."

"Mke wangu anakuja mwezi wa nane."

"Basi tengeneza."

Mnali akasema kwamba kuchonga anajua, ila mahesabu ya kupunguza kitu kikubwa kiwe kidogo hayajui. Na Mzee Kibwana, Mungu amrehemu, akainua uso kwenye dirisha langu akaita, "Profesa. Umelala au unatusikiliza?"

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza mjini, nimejilaza. Nilifurahi kupita kiasi. Tukagawana: Mnali achonge reli ya zamani na treni yake kwa mbao, mie nitengeneze ile mpya kwa vitu vyepesi, halafu ziwekwe juu ya meza moja. Vipimo vyote nitoe mie. Nilijua kutoka shuleni kwamba reli ya zamani ina upana wa mita moja, na nilimpata kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya Wachina aliyeniambia kwamba mpya inaizidi kidogo, upana wa vidole vinne hivi. Vidole vinne. Ukipunguza mara arobaini, tofauti iliyokuwa inamfurahisha katibu inakuwa unene wa punje ya mchele. Sikumwambia mtu. Nilionelea wanasiasa wana macho makali kuliko sie.

Kulikuwa na jambo lingine, nalo ndilo lililotumaliza. Shangazi alikataa katakata mie kwenda kibandani kwa Mnali. Msichana wa kidato cha nne, hajaolewa, akae kwenye kibanda cha mpangaji ambaye mkewe yuko mbali, nyuma ya choo, watu waseme nini. "Kazi ya serikali itafanyika," alisema, "kila mtu kwao." Kwa hiyo mie nilifanyia chumbani, juu ya ubao wa sanduku la chai, na yeye kibandani, na karatasi za vipimo zilikwenda kwa mkono wa Mama Zaituni. Alikuwa anakaa chumba cha kando ya jiko, mjane, anakaanga vitumbua alfajiri na mchana ana nafasi. Anakuja dirishani, ananyoosha mkono wenye unga wa mchele: "Lete barua yako ya mapenzi." Shangazi anaguna ndani. Naye anacheka, anavuka ua hatua kumi na mbili, anampa Mnali.

Zile wiki tatu nilikuwa na raha, lazima niseme, ingawa siku hizi nikizikumbuka naona aibu kwamba nilikuwa na raha. Reli zangu zilikuwa pini za nywele zilizonyooshwa kwa koleo, za Shangazi, aliyekuwa akizitafuta kila Jumapili asubuhi akiwalaumu panya. Mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, yalikuwa njiti za viberiti zilizokwishawashwa, wapangaji wananiwekea kwenye kopo. Mabehewa yalikuwa viberiti vyenyewe, viwili viwili nimeviunganisha kwa uji wa ngano, magurudumu ni vifungo vya mashati. Mende walikuwa wanakuja usiku kula gundi, asubuhi naunda upya. Mlima niliufanya kwa gazeti lililoloweshwa. Nilipima kila kitu kwa rula yangu ya shule, upande wa sentimita, upana mbili na nusu na kidogo, na mkono ulikuwa hautetemeki. Kutoka kibandani nilikuwa nasikia tezo ya Mnali, tko, tko, tko, na nilikuwa nafikiri, tunakwenda sawa.

Zikiwa zimebaki siku kumi na tano, Mama Zaituni akaja dirishani amekumbatia kitu kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto mchanga. "Fundi kasema uone behewa la kwanza." Akalipitisha kati ya nondo kwa shida, limelala ubavu. Lilikuwa la mninga, limepigwa msasa mpaka linateleza, madirisha yamekatwa kila moja na kingo zake. Sijaona kitu kizuri namna ile tangu hapo. Nikaliweka chini kando ya treni yangu. Treni yangu yote, injini na mabehewa yake, ilikuwa inaweza kuingia ndani ya lile behewa na nafasi ikabaki.

Nilimwomba Mama Zaituni anisindikize kibandani, Shangazi akiwa kanisani. Nilimkuta Mnali amekaa kwenye kigogo, vumbi la mbao kwenye kope.

"Fundi, umepima na nini?"

"Na rula, dada Pina. Mbili na nusu. Si ulivyoandika."

"Mbili na nusu nini?"

Akanitazama. "Inchi. Kwani kuna nyingine?"

Kulikuwa na nyingine. Sie wa shule tulishahamia sentimita, na mafundi wote wa mjini walikuwa bado wanaongea inchi, na rula yenyewe ina pande mbili, nyeupe zote, mtu achague. Nilimweleza. Alitazama karatasi zangu, amezitunga zote kwenye msumari kwa mpangilio, akazigeuza moja moja kutafuta hilo neno. Halipo. Basi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta wa makuti, na mie nikacheka kwa woga, na Mama Zaituni akasema, "Mnacheka nini, na siku zenyewe ndo hizi?"

Mnali akajifuta machozi. "Naweza kuikata upya," alisema. "Ndogo, kama yako. Siku kumi na tano zinanitosha. Mbao ndo zimeisha, lakini nitamwambia balozi aniongezee."

Na hapa ndipo ninapopazunguka miaka yote hii. Angemwambia balozi, balozi angeuliza zile za kwanza zimekwenda wapi, na jioni ile ile ukumbi mzima ungejua kwamba Profesa hajui kuandika sentimita. Niliwaona wamekaa kwenye mkeka na ugali wa njano mbele yao, wanacheka. Basi nikasema haina haja. Nikamweleza, kwa maneno ya kitabu, kwamba kitu kilicho mbali huonekana kidogo na kilicho karibu huonekana kikubwa. Tutaweka yake mbele na yangu nyuma, juu kidogo, kwenye mlima, kana kwamba inakwenda mbali, Zambia. Watu wataelewa.

"Wataelewa?" Mnali aliuliza.

"Wataelewa."

Aliniamini. Hakuniamini kwa sababu nilikuwa na busara, niliaminika kwa sababu nilikuwa na cheti.

Katibu wa tawi alikuja kukagua siku tatu kabla ya sherehe, yeye na Mzee Kibwana na wajumbe wawili wenye kalamu mfukoni. Meza ilikuwa uani, imefunikwa kitambaa cha kijani. Mbele ilikuwa reli ya Mnali, imetanda meza nzima, injini ya mpingo inang'aa, mataruma ya mninga, mabehewa sita. Nyuma, juu ya mlima wangu wa magazeti ambao mende walikuwa wameula upande mmoja, ilikuwa reli ya viberiti. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai ya rangi, isiyo na sukari. Katibu alizunguka meza mara mbili. Alikuwa mtu mpole, hakupaza sauti hata kidogo.

"Hii kubwa ndiyo yetu?" aliuliza.

"Hapana, kiongozi," Mnali alisema. "Kubwa ni ya zamani. Yetu ni ile kule juu. Iko mbali."

"Yetu ni hii ya viberiti."

"Ndiyo, kiongozi."

Mjumbe mmoja akakohoa. Katibu akainama, akaisukuma injini yangu kwa kidole, kifungo kimoja kikadondoka. "Kwa hiyo mwananchi akija hapa," alisema polepole, "anaona mkoloni alijenga kitu cha maana, na sie na rafiki zetu tumejenga kiberiti. Ndicho unachotaka kuwaambia watu, bwana fundi?"

"Sivyo, kiongozi."

"Nani alitoa vipimo?"

Mzee Kibwana alikuwa anatazama miguu yake. Alijua kabisa nani alitoa vipimo, yeye ndiye aliyeniita dirishani, na nadhani alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Mnali hakunitazama. Alitazama injini yake ya mpingo, akasema, "Nilipima mie. Nilikosea."

Nilipeleka chai. Katibu akanywa nusu kikombe, akanishukuru, akaniuliza nimemaliza shule gani, akasema taifa linahitaji vijana kama mie.

Barua ya Mnali haikuandikwa, na ilipita wiki moja na siku mbili kabla ya lori. Ofisi ya tawi ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa mguu, na mie nilikuwa na miguu miwili mizima. Siku ya kwanza nilijiambia katibu bado ana hasira. Ya pili nilikuwa na nguo za kupiga pasi. Ya tatu tumbo. Kuna siku nilivaa viatu, nikafika mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, nikamwona mtu ninayemfahamu anapita, nikarudi ndani kumkwepa, nikavua viatu. Watu wakinitania leo kwamba mie ni mtu wa nyumbani, nacheka nao. Hawajui nilianzaje. Mnali hakuja dirishani kuniomba chochote. Alinisalimia kila asubuhi kama kawaida, "Umeamkaje, dada Pina," nikajibu salama.

Lori lilikuja asubuhi, watu wanapiga mswaki. Alipanda na mfuko wa patasi na shuka. Kitanda hakikuwezekana. Shangazi alimpa chapati mbili kwenye karatasi, na nilipomwona anampa nikagundua kwamba mie sikuwa nimefikiria hata hilo. Wajumbe hawakuzitaka zile reli. Yangu niliikanyaga mwenyewe chumbani. Yake ilikaa uani mpaka mvua ikainyeshea, halafu Mama Zaituni akaanza kukokea moto wa vitumbua, taruma moja moja. Mninga unawaka polepole, una harufu nzuri. Nilivila vile vitumbua.

Asumini alifika mwezi wa nane, kama alivyosema Mnali, na mtoto mgongoni na ndoo yenye korosho. Chumba kilishapangishwa kwa karani wa posta, na yule karani ndiye aliyekuwa analala kwenye kitanda chenye maua. Mama Zaituni alimkaribisha kwake. Mchana akamleta ukumbini, akakaa chini, hajavua hata kanga ya safari, akaniambia, "Shikamoo, mwalimu," ingawa alinizidi umri. Alisema ameambiwa mie ndiye msomi wa nyumba, nimweleze mumewe alikosa nini hata akachukuliwa, wakati mwenyewe alimwandikia yeye mkewe kwamba ana kazi ya tawi.

Nilimwambia ni mambo ya serikali. Nilimwambia magari yalichukua watu wengi. Nikamwandikia kwenye karatasi jina la kijiji tulichosikia wamepelekwa, kwa mwandiko mzuri, akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga. Alilala usiku mmoja. Asubuhi aliondoka kumtafuta, akamwachia Mama Zaituni korosho zote. Kama alimpata sijui. Sikuuliza, na kila mara mtu wa kule alipopita nyumbani nilikuwa na shughuli chumbani.

Nilikwenda jikoni siku ile baada ya Asumini kuondoka, nadhani nilitaka kuambiwa kwamba haikuwa kosa langu. Mama Zaituni alikuwa amekaa kwenye kibao, anakoroga unga wa mchele wa kesho. Nikamwamkia, akaitika bila kuinua uso. Nikasema, "Hata ningemwambia katibu, Mama Zaituni, labda wangemchukua tu." Akaendelea kukoroga. Nikasema tena kwamba mambo yale yalikuwa makubwa kuliko sie. Hapo akautoa mwiko, akaukung'uta kwenye ukingo wa sufuria, akanitazama.

"Ungesema, wangekucheka siku moja, ukalala, ukaamka," alisema. "Sogea, unanizibia mwanga."